Wanaposema "Ametulia"

Alhamisi ile, kliniki ya wagonjwa wa akili, nilikuwa nimeshachukua vidonge vyangu. Kadi iko mkononi, tarehe ya kurudi imeshaandikwa, kilichobaki ni kutoka tu. Mlangoni pa chumba cha sindano alikuwepo kijana wa miaka kama 20, fulana ya kijani, ndala miguuni. Nikisema alikuwa amesimama nitakuwa nimedanganya. Alikuwa anabadilisha miguu, wa kulia, wa kushoto, wa kulia, kama mtu aliyekanyaga mchanga wa saa saba mchana bila viatu. Anakaa kwenye benchi, hamalizi dakika, anainuka. Anakwenda mpaka dirisha la dawa, anarudi. Anakaa. Anainuka.

Mama yake alikuwa amemshika mkono wa fulana.

Nesi akachungulia mlangoni. "Mama, kijana anaendeleaje?"

"Sista, bado hajatulia. Tangu ile sindano ya mwezi uliopita ndio kabisa, usiku kucha anazunguka uani. Naona ugonjwa umempanda."

"Basi ngoja nimwone dokta, labda leo aongezwe kidogo."

Kijana alinitazama. Nilikijua kilichokuwa miguuni mwake kama ninavyoijua njia ya kwenda kwetu. Ningeweza kusema sentensi moja tu. Nilikunja kadi, nikaitia kwenye pochi, nikatoka nje kutafuta bajaji.

Wiki tatu sasa. Kila nikikanyaga cherehani namwona.

## Neno lenyewe

Kwetu mgonjwa wa akili ana kipimo kimoja tu: ametulia, hajatulia. Bahari imetulia, mtoto ametulia, mgonjwa ametulia. Anayepima yuko nje, na kinachopimwa ni kelele. Huko ndani kukoje, hilo sikumbuki kuulizwa na mtu kwa miaka mitano.

Namna nilivyougua sitaisimulia. Kila mwenye mgonjwa nyumbani anaijua hadithi hiyo mpaka mwisho wake: usiku wa kwanza, mganga, kamba, halafu hospitali. Ilikuwa 2014, nilikuwa na miaka 24, nimepanga chumba Lindi mjini na cherehani yangu moja. Mjomba ndiye aliyekuja kunichukua, maana kwetu mjomba ndiye mwenye kauli. Nilipotoka wodini alimpigia mama simu Nachingwea, nami nimekaa pembeni yake kwenye kiti cha plastiki. "Dada, mshukuru Mungu. Ametulia sasa."

Na kweli sauti zilikuwa zimenyamaza. Hili naliandika kwa moyo wote, na ninaomba lisirukwe: sindano ile ilininusuru. Kabla yake nilikuwa nalala na mkasi chini ya mto. Baada yake nililala usingizi mzito, nikaoga, nikala. Siandiki ili mtu aikimbie. Nilishaikimbia mimi, na nitaeleza kilichonipata.

Ila mjomba aliposema "ametulia", mimi nilikuwa nataka kuitikia, nikashindwa kuinua uso.

Uso wangu ulikuwa umepigwa pasi.

## Mafuta ya ufuta

Dawa yenyewe ni flufenazini. Wengi tunaijua kwa jina la boksi, Modecate, au tunasema tu "sindano ya mwezi". Miaka miwili nilidungwa kabla sijaishika karatasi ya ndani ya boksi lake. Mililita 1, miligramu 25, na kinachoibeba dawa ni mafuta ya ufuta.

Nilirudia kuusoma mstari ule. Baba yangu alilima ufuta maisha yake yote. Nimekulia kwenye ufuta, nimeukata, nimeusimamisha mafungu mafungu ukauke, nimeukung'uta juu ya turubai. Kumbe ndio uliokuwa umebeba dawa mwilini mwangu.

Mafuta ndiyo siri ya sindano hii. Nesi anavuta kimiminika kizito, cha manjano hafifu, anakidunga ndani kabisa ya nyama, taratibu, na anakukataza kupasugua. Kinakaa humo kama akiba ghalani, mwili unachota kidogo kidogo wiki baada ya wiki. Kwa mtu anayesahau vidonge, au anayevitema, au ambaye nyumbani kwao kila jioni ni ugomvi wa vidonge, hiyo ni rehema kubwa. Mama yangu aliacha kunichungulia mdomoni.

Lakini kidonge kikikukataa, kesho unamwona daktari na keshokutwa umekiacha. Sindano ikishaingia imeingia. Ikikuletea shida utakaa nayo mpaka ghala liishe, na kabla halijaisha tarehe ya kadi imefika, wanamwagia juu yake. Huchukua miezi miwili mitatu mpaka dawa ifike kwenye kiwango chake damuni. Kwa hiyo mtu anaanza vizuri kabisa, mwezi wa tatu anaanza kukakamaa, na nyumbani wanashangaa: mbona mwanzo ilimkubali?

Mimi ilianza mikononi. Fundi cherehani asiyeweza kutunga uzi. Kila alfajiri nilimwita mtoto wa jirani kabla hajaenda shule, anitungie sindano sita za mkono, tatu uzi mweusi, tatu mweupe, nizichomeke kwenye kipande cha sponji juu ya meza. Hizo ndizo za kufungia vifungo na kupiga mapindo kutwa nzima. Ya sita ikiisha kabla ya saa nane, wateja waliambiwa warudi kesho. Na udenda nao. Niliweka kitambaa begani kama mama anayenyonyesha, nisiuchafue mzigo wa watu.

Baadaye nilielezwa kwa lugha rahisi na sijaisahau. Kuna kemikali ya ubongo, dopamini. Ikizidi mahali fulani, mtu anaona na kusikia visivyokuwepo. Dawa inaizuia. Lakini dopamini hiyo hiyo, mahali pengine, ndiyo inayofanya mkono uutii moyo. Dawa haichagui mlango, inafunga yote.

## Miguu

Kutetemeka nilikuzoea. Miguu sikuizoea.

Si maumivu. Si muwasho. Si ganzi. Ni kama kukaa kwenyewe kumekuwa kitu cha kuumiza, na kusimama kunakupa nafuu ya nusu dakika, kisha kusimama nako kunakuwa hivyo hivyo. Unatembea. Unachoka mpaka magoti yanaita, lakini huwezi kulala, maana kulala nako ni kukaa. Nyuma ya miguu kuna hofu isiyo na kitu cha kuogopa. Kuna usiku niliomba asubuhi isifike, na siku ile sikuwa nasikia sauti yoyote.

Nilijaribu kusema. Nilimwambia daktari wa zamu, "Dokta, kuna kitu miguuni kinaniamuru nisimame." Aliandika. Miezi mingi baadaye faili liliachwa wazi mezani, nikasoma mwandiko wake wa Kiingereza: mgonjwa anasikia sauti zinazomwamuru. Chini yake, dozi imeongezwa.

Nililitafakari jambo hili miaka mingi na sitaki kumlaumu peke yake. Nilitumia neno lile kwa sababu sikuwa na jingine, na mtu mwenye kadi kama yangu akisema "kinaniamuru" sikio la daktari linakwenda moja kwa moja kwenye ugonjwa. Hali yenyewe ina jina la kitabibu, akathisia, neno la Kigiriki lenye maana ya kutoweza kukaa. Aliyelitunga ni daktari wa Prague, Ladislav Haškovec, mwaka 1901, nusu karne kabla dawa hizi hazijagunduliwa. Kwa Kiswahili sijapata kusikia jina lake. Na kitu kisicho na jina huazima jina la jirani. Hili letu limeazima "hajatulia".

Mgonjwa hajatulia, aongezwe. Akiongezwa, miguu inazidi. Miguu ikizidi, hajatulia.

Kilichoniokoa kipindi kile ni cherehani ya kukanyaga. Ni ile ya zamani, ya chuma, yenye kibao cha miguu. Pale tu ndipo miguu yangu iliruhusiwa kwenda bila mtu kuuliza. Nilikaa saa tatu, nne, nakanyaga. Kazi ilipoisha nilitoa uzi kwenye sindano nikaendelea kukanyaga juu ya kitambaa kitupu, kinapita, kinatoboka vitundu vidogo vilivyopangana, mstari baada ya mstari, hakuna kinachoshonwa. Mama alipokuja kunitazama alikuwa akiwaambia majirani kwamba tangu nipone nimekuwa mchapakazi.

Sikumsahihisha. Alikuwa na furaha ambayo sikuwa nimeiona usoni pake muda mrefu.

## Mimba ya nani

Hili nalipitia haraka kwa sababu bado linaniuma. Miezi mitano sikuona siku zangu. Kisha asubuhi moja kanga ililowa kifuani, na ilikuwa maziwa.

Mama aliuliza swali moja. "Ya nani?"

Nilipimwa mara mbili, kipimo cha duka la dawa, mama amesimama nyuma ya mlango wa choo. Vyote viwili vilionyesha hakuna mimba. Haikusaidia. Mjomba aliitwa, kikao kikakaliwa, nikaulizwa maswali ambayo hakuna mwanamke anayepaswa kuulizwa mbele ya wajomba wawili. Wala sikuweza kulia ili waniamini.

Dopamini ndiyo pia inayoishikilia homoni ya maziwa, prolaktini. Dawa ikiifunga dopamini, prolaktini inapanda, hedhi inakatika na maziwa yanakuja. Ni jambo linalofahamika na lipo kwenye karatasi ya boksi. Sentensi moja siku ya kwanza, "dada, ukiona hivi usishtuke, uje utuambie", ingetosha kuliepusha lile baraza zima.

## Nilivyoikimbia

2016 niliacha kwenda. Sikumwambia mtu. Tarehe ya kadi ilifika, nikaamka, nikavaa kama ninayekwenda kliniki, nikaenda ufukweni nikakaa mpaka adhuhuri.

Mwezi wa kwanza hakuna kitu. Wa pili miguu ikaanza kunyamaza. Wa tatu nilitunga uzi mwenyewe, jioni, kwa mwanga wa taa, mara ya kwanza tu ukapita. Nilitoka nje nikacheka peke yangu. Nikasema moyoni: mmeona? Sikuwa mgonjwa. Wagonjwa walikuwa wao.

Anayesoma hapa akiwa na kadi yake kwenye pochi, asome polepole. Ile miezi mizuri ilikuwa bado ni ya sindano. Ghala lilikuwa linakwisha taratibu. Dawa ilikuwa imepungua kiasi cha kuniachia mikono na miguu, haijapungua kiasi cha kuzifungulia sauti. Nilidhani naishi bila dawa, kumbe nilikuwa naishi kwa akiba. Ndiyo maana ukiacha sindano huanguki mapema kama aliyeacha vidonge. Unaanguka wakati umeshawaambia watu wote kwamba umepona.

Mwezi wa sita zilirudi. Waliponikuta nilikuwa nimekata vitambaa vya wateja sita, vipande vya ukubwa wa kiganja, natafuta kilichofichwa kwenye mapindo. Kimoja kilikuwa cha gauni la bibi harusi. Deni lile mjomba alilipa kwa msimu mzima wa korosho.

Nikarudi wodini, nikarudi kwenye sindano, dozi kubwa kuliko ya kwanza. Safari hii sikuuliza kitu. Nilikuwa nimejitia hatiani.

Baba alifariki mwaka uliofuata. Nilikaa kwenye mkeka na wanawake wenzangu, nikajaribu. Nilimfikiria alivyokuwa akinibeba mabegani kwenda shamba, nikasubiri chozi. Hakuna. Si kwamba nilikuwa najizuia. Palikuwa pakavu. Shangazi alinishika bega akasema, "Umejikaza, mwanangu, umekuwa mtu mzima."

Sijawahi kusifiwa kwa jambo lililoniumiza vile.

## "Vua viatu, dada"

2019 kliniki yetu ilipata daktari mpya, kijana, mwanamke. Nilikaa mbele yake nikasubiri lile swali la kutulia. Hakuliuliza. Alisema, "Vua viatu, dada."

Nikadhani nimesikia vibaya.

Aliniuliza kama nina kitu mdomoni, peremende au bazoka. Akaniambia nikae, mikono juu ya magoti, nisifanye chochote, akawa ananitazama tu: uso, vidole, miguu. Fungua mdomo. Toa ulimi. Kisha kidole gumba kiguse vidole vingine kimoja kimoja, haraka, mkono wa kulia, wa kushoto. Nikiwa nimeshughulika na vidole, kumbe yeye alikuwa anatazama midomo. Simama. Nyoosha mikono mbele. Tembea mpaka mlangoni, geuka, rudi. Haikufika robo saa. Hakikutumika kifaa chochote.

Halafu akauliza: "Ukiinuka inuka hivyo, ni kichwa kinachokuambia uinuke, au ni miguu yenyewe haitaki kukaa?"

Miaka mitano nilikuwa nasubiri mtu aigawe ile hali vipande viwili. Nilisema, "Ni miguu, dokta. Kichwa kinataka kukaa."

Alinipa propranololi, vidonge vya kawaida ambavyo mama yangu mdogo anavitumia kwa presha. Wiki ile ile nililala usingizi wa usiku mzima. Nimeandika sentensi hii nikaifuta, nikaiandika tena, kwa sababu naogopa mtu atakwenda kununua mwenyewe dukani. Mwenye pumu dawa hiyo inaweza kumdhuru vibaya, na si kila miguu inatulizwa nayo. Ila siwezi kuficha kwamba mateso ya miaka yalipungua kwa vidonge vilivyokuwa rafuni muda wote.

Kilichobaki kilikuwa kigumu zaidi. "Midomo yako inacheza," alisema. "Umeshaona?"

Sikuwa nimeona. Mtoto wa jirani, yule wa kunitungia uzi, aliwahi kuniuliza, "Shangazi, unatafuna nini?" na sikuwa natafuna kitu. Nilimwona mtoto mtundu. Kumbe aliona kabla ya kliniki nzima.

## Kinachobaki

Madhara haya ya kuchelewa, kucheza kwa midomo, ulimi, wakati mwingine vidole, yalianza kuandikwa na madaktari Ujerumani mwaka 1957, miaka mitano tu baada ya dawa ya kwanza ya kundi hili kuanza kutumika Paris mwaka 1952. Si siri mpya. Huja baada ya miezi au miaka ya dawa, huwapata wanawake na wazee zaidi, na tofauti na kutetemeka, yanaweza kubaki hata dawa ikiondoka. Mwaka 2017 Marekani iliidhinisha dawa mbili mahususi kwa tatizo hili. Katika maduka ya dawa ninayoingia mimi sijaziona.

Tulichokuwa nacho ni kupunguza. Miligramu 25 zikawa nusu yake. Kisha vidonge vya olanzapini vikaanza taratibu huku sindano ikiondoka. Ilichukua zaidi ya mwaka. Alinipunguzia pia Artane, ile dawa tunayopewa sambamba na sindano, kwa sababu inasaidia kutetemeka na udenda lakini kwa midomo haisaidii, na inaweza hata kuzidisha.

Alinionya jambo moja, na bila onyo hilo nisingevuka: dozi ikishuka, midomo inaweza kuzidi kabla haijapungua. Dawa inayoleta tatizo ndiyo hiyo hiyo inayolifunika. Ukiifunua, unaona lililokuwa chini.

Ilizidi. Ulimi ulikuwa unatoka kidogo na kurudi, midomo inafumba na kufumbua kama samaki aliye kwenye ndoo. Mama alipiga magoti akaniomba nirudi kwenye sindano kamili. "Mwanangu, afadhali ulivyokuwa. Ulikuwa umetulia." Na mimi nilisitasita. Nilikuwa nimeshaangusha familia mara moja kwa kujifanya najua. Usiku nilijiuliza: huu ni mwili unarudi, au ni ule ufukwe wa 2016, najidanganya tena? Sikuwa na namna ya kujua kutoka ndani. Nilichofanya ni kununua daftari la kurasa 64. Kila jioni mstari mmoja: usingizi saa ngapi, miguu, mikono, midomo, sauti ipo au haipo. Mama naye anaandika wake chini ya wangu, kwa mwandiko wake wa ngumbaru. Daktari alisoma yote mawili. Siku ambazo mimi niliandika "vizuri" na mama akaandika "kaongea peke yake", tulizungumzia hizo.

Mwaka huo ulikuwa 2020 na mafundi wote tulikuwa tunashona barakoa. Nilishona za vitenge, nikauza, na mimi nikavaa kutwa. Chini ya kitambaa midomo ilicheza ilivyotaka. Sijui ningewezaje kukaa mbele ya wateja mwaka wowote mwingine.

Leo imepungua. Haijaisha. Nikikaza macho kwenye uzi, au nikichoka, inakuja. Nimenenepa kwa olanzapini, sketi zangu nimezifungua mishono mara mbili, na tunapima sukari. Siku zangu zimerudi. Kicheko kilirudi kabla ya machozi.

Machozi yalirudi kupitia redio. Msimu wa ufuta, mtangazaji anasoma bei za mnada wa chama cha ushirika. Baba hakuwahi kusikiliza bei ile akiwa amekaa. Alikuwa anasimama mbele ya redio, anaigombeza kama mtu, bei ikiwa ndogo anaitukana, ikiwa kubwa anasema wamechelewa. Nilikuwa napiga pindo la suruali. Nikasikia bei, nikatabasamu, maana nilijua angesema nini. Halafu uso ukanikunjika, mkono ukaachia kitambaa, nikalia kwa sauti mpaka mwenye duka la jirani akaja mbio na ufagio mkononi akidhani nimevamiwa.

"Nani amekufa?" akauliza.

"Baba," nikasema.

## Siku 28

Narudi kwa yule kijana, kwa sababu ndiye aliyenikalisha niandike.

Nimejiuliza kwa nini nilinyamaza. Nilianza kwa kujiambia si kazi yangu, sijasomea. Inawezekana pia nilikosea, labda kweli sauti zilikuwa zimerudi. Siwezi kumpima mtu kwa kumtazama akitembea. Lakini swali si utabibu. "Mama, muulize kama ni kichwa au ni miguu." Hilo hata mwenye duka la jirani angeweza kuliuliza.

Ukweli niliufikia wiki ya pili. Nilijua nikifungua mdomo, nesi angeitazama midomo yangu kwanza. Nilikuwa nimevaa vizuri siku ile, nimebeba pochi, watu kwenye benchi wangeweza kudhani nimemsindikiza mgonjwa. Nikasema nisiivunje ile dhana. Kijana alikuwa anatembea juu ya makaa, na mimi nilikuwa nalinda sura.

Mama yake hana kosa. Anasema anachokiona, kwa neno alilopewa na kila mtu tangu mwanawe augue. Mama yangu alilisema neno hilo hilo, amepiga magoti.

Yule daktari alishahamishwa. Nesi wa chumba cha sindano ni mtu mwema, ana foleni ya watu 40 na meza moja. Nimemwandikia maneno machache kwenye karatasi ya daftari langu, pamoja na namna lile zoezi la viatu na vidole linavyokwenda, ikiwa atanisikiliza. Nimeandika pia karatasi ya mama yake kijana, kwa herufi kubwa.

Kadi ya sindano ni ya wiki nne. Nimehesabu tangu Alhamisi ile. Siku 28 zinatimia Alhamisi ijayo, na wenye kadi za sindano huanza kufika saa moja na nusu. Mteja wa gauni la kitchen party nimeshamwambia siku hiyo sifungui.